Je, Picha ya Njia Inasema Kweli?



Katika toleo hili nataka tutafakari jambo ambalo mtu akilisikia mara ya kwanza ataliona dogo, hata atasema halistahili kuandikwa katika gazeti la kanisa. Ni habari ya kupiga picha njia. Sisemi picha za arusi, wala za ubatizo, wala za kwaya ikiwa imevaa sare mpya. Nasema picha za njia zenyewe: kijia cha kwenda bombani, barabara ya vumbi inayokata katikati ya zoni, njia ya kanisani asubuhi kabla watu hawajaamka. Vijana wetu wenye simu wamelipenda sana jambo hili. Jioni wanatembea, wanasimama, wanainama, wanapiga. Wazee wengine wanawacheka na kusema, "Njia ina nini ya kupigwa picha? Njia ni ya kupita."

Mimi nilikuwa mmoja wa wazee waliocheka. Lakini hapa kwetu Nyarugusu limetokea neno ambalo limenifanya nisicheke tena. Lilileta mabishano nje ya kanisa baada ya ibada, mpaka Mchungaji akasema tulizungumze kwa utaratibu na kwa upendo. Ndiyo sababu naandika.

Neno lenyewe

Kijana mmoja wa kwaya, ambaye jina lake siliandiki kwa sababu ni mtoto wetu, alikuwa anatembea jioni kwenye njia inayotoka porini. Jua lilikuwa linashuka na vumbi lilikuwa jekundu. Mama mmoja akatokea, ana mzigo wa kuni kichwani. Kijana akapiga picha, lakini haikumpendeza, mkono ulitikisika. Akasema, "Mama, samahani, rudi kidogo pale kwenye mti, upite tena." Mama akarudi, akapita. Kijana akatazama simu yake, akasema, "Mara moja tu, Mama, ya mwisho." Mama akarudi tena, mzigo ungali kichwani, akapita mara ya tatu. Kisha akaenda zake bila kusema kitu.

Wiki ile ile picha ikawa kwenye simu za watu wengi. Ilikuwa nzuri kweli, nami sitasema uongo. Njia ilionekana ndefu, mama anaonekana kama anatembea ndani ya mwanga. Hata ndugu zetu waliokwenda Marekani waliipokea, na mmoja wao aliandika kwamba ilimtoa machozi. Lakini yule mama alipoonyeshwa na jirani yake, alishika mdomo. Alisema, "Sasa kila mtu amejua ninapopita."

Ndugu zangu, hapa hakuna haja ya maelezo mengi. Sote tunajua kwamba mwanamke anayekwenda kutafuta kuni haendi akiimba. Anaogopa watu wanaoweza kumdhuru huko njiani, na anaogopa pia watu wanaoweza kumwuliza amefuata nini nje ya kambi. Njia yake ni siri yake, na chakula cha watoto wake kinaivishwa kwa siri hiyo.

Basi tukagawanyika pande mbili. Kina mama walisema kijana amekosa. Vijana wenzake walisema, "Amekosa nini? Alipiga picha njia. Njia si ya mtu. Mama alipita tu." Na kijana mwenyewe akasema neno lililonigusa. Alisema, "Tangu nizaliwe naona watu wanakuja na kamera kubwa, wanatupiga picha tukiwa kwenye foleni ya posho. Sijaona hata mmoja aliyepiga picha njia niliyopita miaka yote kwenda shule. Nikaona niipige mimi mwenyewe."

Hebu tujiulize basi: Je, njia ni ya nani? Na mtu anayepiga picha njia anadaiwa na nani?

Njia ya bondeni, mwaka 1855

Kwanza nataka tuone kwamba neno hili si geni, wala halikuanza na simu. Mwaka 1855 Mwingereza mmoja, Roger Fenton, alikwenda Crimea, kwenye Bahari Nyeusi, ambako Uingereza, Ufaransa na Uturuki walikuwa wanapigana na Urusi. Kazi ya kupiga picha ilikuwa bado changa. Fenton alikuwa na gari la kukokotwa na farasi, lililokuwa la mfanyabiashara wa mvinyo, akaligeuza kuwa chumba chake cha giza. Kila picha ilihitaji kipande cha kioo kilichopakwa dawa, na kioo hicho kilipaswa kutumiwa na kusafishwa kabla dawa haijakauka.

Mwezi wa Aprili mwaka huo alifika kwenye bonde moja karibu na mji wa Sevastopol. Askari walikuwa wamelipa bonde hilo jina kutoka Zaburi ya 23, mstari wa 4. Waliliita Bonde la Uvuli wa Mauti, kwa kuwa mizinga ya Warusi ilikuwa inapiga hapo. Fenton akapiga picha njia inayopita bondeni. Ndani ya picha hakuna mtu, hakuna maiti, hakuna farasi. Kuna njia, vilima vitupu, na risasi za mizinga, yale matufe ya chuma, yametapakaa. Mtu akiitazama anaogopa, ingawa haoni mtu yeyote akiumia.

Picha hiyo ni maarufu mpaka leo. Lakini ziko picha mbili, zilizopigwa kutoka mahali pale pale. Katika moja, matufe yamelala kando, mtaroni, na njia iko wazi. Katika nyingine, matufe yametapakaa juu ya njia yenyewe. Watu walibishana kuhusu ipi ilitangulia. Mwaka 2007 mtengenezaji filamu wa Marekani, Errol Morris, alichapisha uchunguzi wake. Yeye na wenzake walilinganisha mawe madogo yaliyo kwenye mteremko. Wakaona kwamba katika picha yenye matufe njiani, mawe kadhaa yameshuka chini kidogo. Jiwe huporomoka, halipandi mlima lenyewe. Kwa hiyo njia iliyo wazi ilipigwa kwanza, na matufe yaliwekwa njiani baadaye. Ni nani aliyeyaweka na kwa nia gani, watu wanaendelea kubishana.

Sasa mpendwa msomaji, kama matufe yaliwekwa kwa ajili ya picha, je, ulikuwa uongo? Mwingine atasema hapana. Hatari ilikuwa ya kweli. Matufe yale yalianguka bondeni kweli, na watu walikufa katika vita ile. Kuyasogeza hatua chache kulisaidia tu watu wa mbali waelewe. Kijana wetu anaweza kusema vivyo hivyo: mama yule anabeba kuni kweli, na anapita pale kweli. Nilichofanya ni kumrudisha hatua chache.

Nimelitafakari jambo hili, na naona tofauti mbili. Ya kwanza ni kwamba tufe la chuma halichoki, bali shingo ya mama inachoka. Ya pili ni kubwa zaidi. Picha inatuambia, "Mama anapita akirudi nyumbani." Kweli ya saa ile ilikuwa nyingine: mama alikuwa amezuiwa asifike nyumbani. Aliyemzuia hayumo katika picha, yuko nyuma ya simu. Picha haikusema uongo juu ya njia wala juu ya kuni. Ilimficha mtu mmoja tu, naye ndiye aliyekuwa na nguvu pale.

Mama angeweza kukataa? Vijana wanasema angeweza. Lakini sisi tulioishi miaka mingi ya kuagizwa simama hapa, keti pale, rudi nyuma kwenye mstari, tumezoea kutii kila anayenyoosha mkono akiwa na kitu mkononi. Mama hakukubali. Alitii. Ni maneno mawili tofauti, na Mkristo anapaswa kujua tofauti yake.

Njia ni kazi ya watu

Tuje kwenye swali la vijana, kwamba njia si ya mtu. Katika hili wana sehemu ya kweli. Hakuna mtu hapa aliyepewa hati ya kijia cha bombani. Lakini tuulize pia, nani alikitengeneza? Hapakuja fundi wala tingatinga. Kilitengenezwa na miguu ya kina mama wenye ndoo na watoto wenye madumu, asubuhi na jioni, masika na kiangazi, mpaka majani yakakoma kuota. Njia si mali ya mtu, lakini ni kazi ya watu. Anayeipiga picha anapiga picha kazi ya wenzake, hata kama wakati ule hawapo.

Yuko Mwingereza mwingine, Richard Long. Mwaka 1967, akiwa bado mwanafunzi wa sanaa huko London, alipanda treni akatoka nje ya mji, akapata uwanja wa majani. Akatembea kwenda na kurudi kwenye mstari mmoja, mara nyingi, mpaka majani yakalala na mstari ukaonekana. Akaupiga picha, akaenda zake. Kazi hiyo aliiita mstari uliotengenezwa kwa kutembea, na imempa heshima kubwa katika mambo ya sanaa. Nilipomsimulia mzee mwenzangu alicheka sana, akasema, "Kama ni hivyo, wake zetu ni wasanii wakuu, ila hakuna aliyewapa heshima hiyo!"

Tumecheka, lakini tuangalie jambo moja. Katika habari ya Long, aliyetembea na aliyepiga picha ni mtu mmoja. Miguu iliyochoka ilikuwa yake mwenyewe. Alikwenda na kurudi kwa hiari yake, wala hakumrudisha mtu. Kwa hiyo yule kijana aliposema anataka kuipiga picha njia yake ya shule, alikuwa anasema neno la haki kabisa. Njia ile aliitengeneza kwa miguu yake pamoja na wenzake. Kosa lilianza alipogeukia njia ambayo mama ndiye anayeilipia, akaitumia kama yake.

Njia isiyoshika nyayo

Hapa naomba niseme habari zangu mwenyewe. Mwaka 1996 vita ilipofika kwetu Fizi, tulivuka Ziwa Tanganyika usiku kwa mtumbwi, kama wengi wenu. Maji hayashiki nyayo. Asubuhi tulipotazama nyuma hapakuwa na alama yoyote kwamba watu wamepita hapo. Binti yangu, aliyezaliwa hapa kambini, aliwahi kuniuliza, "Baba, mlipita njia gani?" Nilinyoosha mkono upande wa magharibi, nikakosa kingine cha kumwonyesha.

Baadaye ndugu yangu aliyerudi nyumbani alinitumia picha. Aliandika tu, "Njia ya kwenu." Nikaitazama, nikaona majani. Majani marefu na mwembe kwa mbali, basi. Nilikasirika, nikadhani ananidhihaki. Siku nyingine aliponipigia simu nikamwambia, "Ndugu, mbona hakuna njia?" Akanijibu taratibu, "Kaka, tazama mkono wa kushoto wa mwembe. Pale palipo na jiwe ndipo mama alikuwa anapumzisha mtungi. Njia ilipita hapo. Imeota majani kwa sababu hakuna anayekuja." Nikaitazama tena, na wallahi sikuamini macho yangu, niliiona. Jioni ile nikamwita binti yangu, nikamsimulia juu ya jiwe, na mtungi, na bibi yake ambaye hakumwona. Ikawa yeye naye anaiona njia katika picha ya majani.

Tangu siku hiyo nimeelewa kwamba picha ya njia peke yake ni bubu. Inasema pale tu anapokuwepo mtu wa kushuhudia: fulani alipita hapa, alibeba hiki, alikuwa anaogopa kile.

Neno hili limo katika Biblia, katika Yoshua sura ya 4. Waisraeli walipovuka Yordani, walipita mahali pakavu katikati ya mto, kisha maji yakarudi na njia ikatoweka. Hapakuwa na alama, kama ziwani kwetu. Lakini Bwana aliagiza watu kumi na wawili, mmoja kwa kila kabila, wachukue mawe kutoka pale miguu ya makuhani iliposimama, na mawe hayo yakasimamishwa Gilgali. Na sababu ilitolewa wazi: watoto watakuja kuuliza maana ya mawe hayo, nao wazazi watawaeleza. Angalieni, jiwe halikuachiwa kazi ya kueleza. Kazi hiyo walipewa wazazi. Na kila aliyebeba jiwe alilibeba kwa bega lake mwenyewe.

Basi nasema, picha ya njia ni jiwe la Yordani. Ni kitu chema, nasi tulio mbali na kwetu tunakihitaji kuliko wengine. Lakini inampa aliyeichukua deni la namna mbili: deni kwa waliopita, na deni kwa watakaouliza.

Tufanye nini basi?

Kwanza, tusiwasogeze watu kama matufe. Kama picha imeharibika, imeharibika. Jioni ziko nyingi. Mwenye mzigo apishwe, asirudishwe.

Pili, tuombe ruhusa, na tuombe kabla, siyo baada. Kijana mmoja aliniuliza, "Mzee, nikiomba ruhusa, mtu anatengeneza kitenge chake na kusimama kama yuko ofisini. Kweli yote inapotea." Nimemjibu, tembea naye njia hiyo siku kumi bila simu. Siku ya kumi na moja ataacha kukuangalia, na wewe utakuwa umejua njia ile kwa miguu yako. Na ikiwa njia inampeleka mtu mahali anapopata riziki kwa hofu, tusiipige picha hata kama inapendeza, wala tusiitume kwa wengine. Tukumbuke Waamuzi 5:6, siku zile ambazo watu waliziacha barabara kuu kwa sababu ya hofu wakapita njia za kando. Njia ya kando ikijulikana na wote, mwenye hofu atapita wapi?

Tatu, tusiiache picha iwe bubu. Anayepiga picha njia aulize majina ya wanaoipita na habari zake, azihifadhi, awasimulie wadogo zake.

Na kwa wazee wenzangu nasema, tusiwakataze vijana. Tukiwakataza, tutakuwa tumewaachia watu wengine kusema kwamba sisi ni foleni tu. Foleni tumesimama, ndiyo. Lakini pia tumetembea. Tumetengeneza njia mahali palipokuwa na majani, na inafaa watoto wetu wawe na ushahidi wake.

Nimalizie na habari ya kijana wetu. Alikwenda nyumbani kwa yule mama pamoja na mama yake mzazi, akaomba radhi, na radhi ikapokelewa. Aliwaomba pia watu waifute picha. Wengine waliifuta. Wengine wako mbali na hawakujibu, na picha iliyokwisha kutumwa ni kama neno lililokwisha kusemwa. Mama sasa anapita njia nyingine, iliyo ndefu zaidi, na hilo radhi haikuweza kuliondoa. Kijana ameanza kumpokea mzigo pale kwenye nyumba za mwisho na kuufikisha mlangoni. Njia hiyo ya kutoka nyumba za mwisho hadi mlangoni hajaipiga picha, maana mikono yake miwili imeshika kuni.

Maswali ya kuzungumza katika vikundi vya nyumbani

1. Soma Yoshua 4. Je, una "jiwe" gani kutoka njia uliyopita, na umekwisha kumwambia nani maana yake?

2. Je, umewahi kutii mtu aliyekupiga picha ingawa moyo wako haukutaka? Ungependa angekuambia nini kwanza?

3. Taja njia moja hapa kambini ambayo watoto wetu wanapaswa kujua ni miguu ya nani iliyoitengeneza.

Mungu wa safari zetu zote awabariki na kuwalinda njiani. Amina.